Nchi Ikijitoa Kwenye Jumuiya, Mpaka Unamwangukia Nani?

Hotuba kwa wafanyabiashara wa mazao wa mpakani, Moshi

Mwenyekiti wetu, katibu, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioamka alfajiri kutoka Himo, Holili na Tarakea, poleni na safari. Vijana wa fuso na bodaboda mliokosa viti mkasimama kule nyuma, nawaona, na mengi nitakayosema leo yanawahusu ninyi zaidi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utueleze mambo ya nchi kujitoa kwenye jumuiya. Watu wanasikia redioni Brexit, ile ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, wanasikia Mali na Niger, wanauliza: na kwetu ikitokea?" Nikamwambia nitakuja. Nimefanya uwakala wa forodha pale Holili miaka ishirini na sita. Nimejaza fomu za mahindi, vitunguu, maharage, mchele, sabuni, mpaka miche ya miti. Swali hilo nimeishi nalo. Ila sitaanzia London. Nitaanzia Marangu, nyumbani kwa mama yangu.

Mama alikuwa anapeleka ndizi Taveta, upande wa Kenya. Kulikuwa na duka la mzee mmoja kule, akimaliza kuuza anachukua hapo mafuta ya kupikia, chumvi na kanga, na akipungukiwa anaandikwa kwenye daftari. Januari 1977 alichukua doti mbili za kanga na debe la mafuta, akabaki anadaiwa shilingi 85 za Kenya. Safari iliyofuata aliuza vizuri, fedha akawa nazo, lakini mzee hakuwepo dukani siku hiyo. Akasema nitamlipa nikirudi. Februari mpaka ukafungwa.

Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka watu wanarudi na mikungu vichwani, wanaitua kando ya barabara, na hakuna anayejua amuulize nani. Ndizi ziliiva uani kwetu. Tulizila mpaka tukazichoka, nyingine zikaenda kwenye mbege. Zile shilingi 85 mama alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya kopo juu ya kabati, na sisi watoto tulijua kwamba kopo lile haliguswi, hata siku ambayo ndani hamna chumvi.

Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983. Mapema 1984 mama akaenda Taveta, mimi nikimbebea kapu. Yule mzee alikuwa ameshafariki, mwanawe ndiye aliyekuwa dukani. Mama akataja jina lake, akasema anadaiwa. Kijana akaingia ndani, akatoka na daftari lililoliwa na mende pembeni, akafunua kurasa, na mstari wa mama ukawepo: kanga doti mbili, mafuta debe moja, 85. Akazihesabu zile noti, akapiga mstari kwa penseli. Halafu akamuuliza, "Leo unachukua nini, mama?" Tulirudi Marangu na kanga mpya, kwa mkopo.

Sasa tazameni hesabu ya wakubwa wa nchi kwa kipindi hicho hicho. Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1967, makao yake hapo Arusha kwa jirani zetu, na ilikuwa na mambo ambayo hata Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule haikuwa nayo: shirika moja la reli, shirika moja la ndege, bandari za pamoja, posta na simu za pamoja. Ilivunjika kwa mengi yaliyojikusanya. Nani anafaidi na nani anachangia. Ujamaa wa huku na ubepari wa kule. Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda mwaka 1971 na Mwalimu Nyerere kukataa kukaa naye meza moja. Mwisho shirika la ndege likaanguka. Kugawana mali kukachukua miaka saba. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alipita kwa serikali zote tatu na mahesabu yake, mpaka mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ndege, injini za treni, mabehewa, madeni, vyote viliingia kwenye vitabu. Wastaafu wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao miaka mingi baada ya hapo, na wengine walikufa wakidai. Reli ya Voi kupitia Taveta hadi Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikakosa treni ya kuvuka mpaka.

Deni la mama halikuwa kwenye kitabu chochote cha serikali. Lililipwa kwa sababu mtu mmoja alitunza kopo na mwingine akatunza daftari.

Nilianzia hapa kwa makusudi, ndugu zangu. Nchi ikijitoa, wenye nchi hugawana kilichoandikwa. Wenye magunia hubaki na kile ambacho hakuna aliyekiandika.

Twende Uingereza sasa. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura, asilimia 51.9 wakasema tunatoka Umoja wa Ulaya. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, wakapewa muda wa mpito hadi mwisho wa mwaka ule, kanuni za zamani zikiendelea. Mkataba wa biashara kati ya pande mbili ulikubaliwa lini? Tarehe 24 Desemba 2020, mkesha wa Krismasi. Ulikuwa na kurasa zaidi ya 1,200, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari. Hesabuni. Wanasiasa walijadiliana miaka minne na nusu. Mwenye lori alipewa wiki moja, tena wiki ambayo ofisi zimefungwa.

Mkataba ule ulisema ushuru ni sifuri. Wengi wakafurahi, na wengi hapa wangefurahi vilevile, kwa sababu tumezoea kudhani mpaka ni ushuru. Mimi nawaambia, katika miaka yangu yote Holili, mzigo uliokwama kwa sababu ya ushuru nauhesabu kwa vidole. Ushuru unajulikana, mtu analipa anapita. Mizigo hukwamia kwenye vyeti.

Chukua cheti cha uasili wa bidhaa, kile kinachosema kitu hiki kimezaliwa wapi. Mlipokuwa ndani ya umoja mmoja wa forodha, hakuna anayekuuliza shati limeshonwa wapi, likishaingia, limeingia. Ukitoka, kila shati linaulizwa ukoo wake. Januari 2021 wenye maduka ya Uingereza waliokuwa na maghala makubwa yanayohudumia na Ireland walishtuka: nguo imetoka Ulaya, imekaa ghalani Uingereza wiki mbili, haijabadilishwa hata kifungo, sasa inarudi Ulaya, inadaiwa ushuru. Kwa nini? Kwa sababu si mali ya Uingereza kwa asili yake, na ule ushuru sifuri ni wa mali ya Uingereza tu. Msicheke. Kwetu tumeligombania hilo hilo kwa pipi na biskuti. Mwaka 2018 Kenya ilitoza asilimia 25 kwenye pipi na biskuti za Tanzania kwa hoja kwamba sukari ya viwandani iliyotumika iliingizwa bila ushuru, kwa hiyo pipi haistahili kuitwa ya Jumuiya. Tulikuwa ndani ya Jumuiya moja na bado tuliulizana ukoo wa sukari iliyomo ndani ya pipi.

Lakini mfano ninaotaka mwende nao nyumbani ni wa Ireland, kwa sababu ni mpaka unaofanana na wetu kuliko mnavyodhani.

Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili. Kusini ni Jamhuri ya Ireland, imebaki Umoja wa Ulaya. Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, imetoka nayo. Mpaka kati yao una urefu wa kilomita kama 500, na barabara zinazouvuka ni zaidi ya 200. Unapita katikati ya mashamba. Ng'ombe wanakamuliwa kaskazini na sehemu kubwa ya maziwa inakwenda kusindikwa kusini. Na pale watu waliuana miaka thelathini, mpaka ulipopatikana Mkataba wa Ijumaa Kuu tarehe 10 Aprili 1998. Baada ya amani ile vizuizi vya askari viliondolewa, mtu anaendesha gari hajui amevuka saa ngapi. Nani angethubutu kurudisha kizuizi na bendera pale?

Sasa jiulizeni kama watu wa forodha. Upande mmoja una kanuni za Ulaya, upande wa pili haumo. Bidhaa lazima ikaguliwe mahali fulani. Ukiuweka ukaguzi kwenye mpaka wa nchi kavu, unachezea amani. Usipoukagua kabisa, Ulaya imeachwa mlango wazi. Uingereza na Ulaya wakaamua kuuhamishia baharini: bidhaa ikitoka Uingereza bara kwenda Ireland Kaskazini, ikaguliwe kwenye bandari za huko, Belfast na Larne. Yaani mzigo unatoka nchi moja kwenda nchi ile ile, na unajaziwa fomu. Wale wanaojihesabu Waingereza kindakindaki kule kaskazini waliona wamekatwa na ndugu zao kwa maji. Februari 2021 wakaguzi waliondolewa kwa muda bandarini kwa kuhofia usalama wao. Mwaka mmoja baadaye chama chao kikubwa, DUP, kilijiondoa kwenye serikali ya pamoja, na Ireland Kaskazini ikakaa miaka miwili, hadi Februari 2024, bila serikali inayofanya kazi. Kisa ni fomu za bandarini. Nasema fomu, lakini mnajua fomu inabeba nini.

Kuna mambo mawili madogo ya pale ambayo mtu wa forodha hayasahau. La kwanza ni soseji. Kanuni za Ulaya haziruhusu nyama ya kusaga na soseji mbichi kutoka nje ya Umoja, isipokuwa zimegandishwa. Uingereza ikawa "nje", basi soseji zake zikakatazwa kwenda sehemu ya nchi yake yenyewe, wakawa wanaongezeana muda wa neema. Magazeti ya kule yaliita vita ya soseji.

La pili ni udongo. Mama zangu mnaopanda, mtalielewa hili kuliko profesa yeyote. Mche unaotoka Uingereza bara ukiwa na udongo kwenye mizizi ulizuiwa kuingia Ireland Kaskazini. Mche wa waridi, mche wa tunda, ule uliokuwa ukisafirishwa mwaka uliopita bila swali. Fikirieni mche wa mgomba mnaoung'oa Rombo kumpelekea dada yako aliyeolewa Taveta, umefungwa kwenye kiroba, udongo wa kihamba cha baba bado umeshikana na kitunguu cha mgomba. Mtu anakwambia, mche unapita, udongo haupiti. Utauosha pale pale kwenye bomba la geti? Ukiuosha mizizi inakauka kabla hujafika. Kanuni yenyewe si ya kijinga, kwenye udongo wanakaa minyoo na magonjwa, mnyauko wa migomba mnaujua. Ila mwaka jana yake minyoo ilikuwepo vilevile na mche ulipita.

Hapo ndipo kiini cha jambo zima kilipo, naomba tusilipite haraka. Usiku wa kuamkia Januari Mosi 2021, soseji ya Uingereza haikubadilika. Kiwanda ni kile kile, mchinjaji yule yule, na sheria za usafi za Uingereza zilikuwa bado zile zile za Ulaya, karibu neno kwa neno, maana walizinakili walipotoka. Kilichobadilika ni nani anaaminiwa kugonga muhuri. Jana muhuri wa daktari wa mifugo wa Uingereza ulikuwa wa Ulaya. Leo ni wa mgeni.

Na magomvi yetu ya mpakani yako hivyo hivyo. Wazee wa mahindi mnaikumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mwezi ule Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu inaua, simtetei mtu anayeuza mahindi yaliyovunda. Lakini kiwango kile cha 10 kwa bilioni ndicho kilichomo kwenye kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki cha mahindi, kinatumika Nairobi na kinatumika Dodoma. Hatukuwa tunabishania namba. Tulibishania maabara ya nani inaaminika na karatasi ya nani inapokelewa getini. Mei mwaka ule Rais Samia alikwenda Nairobi, wakubwa wakazungumza, mambo yakalegea. Vizuri. Ila mahindi yaliyokuwa njiani tarehe 5 Machi hayakungoja Mei.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Oktoba 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, ikaondoa zuio baada ya siku chache. Julai 2025 ikatoka amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, na majirani wakalalamika kwamba Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, linasema vingine. Sisemi nani alikuwa sahihi kwenye lipi. Nasema nchi inaweza kutoka kwenye jumuiya kidogo kidogo bila kutangaza, kipengele kimoja leo, zao moja kesho, na bendera zinabaki zikipepea pamoja pale Arusha.

Kuhusu Mali, Niger na Burkina Faso nitasema kwa kifupi. Walitangaza Januari 2024 kwamba wanajitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, wakatoka rasmi tarehe 29 Januari 2025. Siku ile ECOWAS ilizitaka nchi zake ziendelee kutambua pasipoti na bidhaa za nchi zile tatu mpaka yapatikane makubaliano mapya. Hiyo nakubaliana nayo kabisa, ni uungwana wa kuacha mlango umerudishwa bila kupigwa komeo. Lakini Machi mwaka ule ule nchi tatu zikaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje ya umoja wao mpya. Nusu asilimia ni kidogo. Ila ili uitoze lazima usimamishe kila lori, na lori likisimama, mnajua wenyewe.

Na kujitoa si lazima kuwe msiba, haki lazima isemwe. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Ni wangapi hapa mlihisi? Wachache, kwa sababu tulikuwa na mlango wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, kwa majirani wa kusini, na kwa Kenya na Uganda Mkataba mpya wa Afrika Mashariki ulikuwa umeshasainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mlango mmoja ulifungwa nyumba ikiwa na milango mingine miwili. Mwaka 1977 nyumba ilikuwa na mlango mmoja.

Sasa nifike kwenye kilichonileta, maana mwenyekiti anatazama saa.

Mkataba wetu wa Jumuiya una Ibara ya 145. Inasema nchi ikitaka kujitoa, Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu. Miezi kumi na miwili. Na ndani ya miezi hiyo inaweza kubadili mawazo ikaifuta taarifa. Ni ibara nzuri, iliandikwa na watu walioikumbuka 1977.

Nchi inayotaka kuondoka imepewa mwaka mzima. Gunia la mahindi linapewa usiku mmoja.

Niliwahi kuwa na mama mmoja wa Himo, mteja wangu wa siku nyingi. Alipakia vitunguu vya Mang'ola, nyavu 120, kwenye fuso. Jioni tulikagua karatasi mimi na yeye kwa tochi ya simu, zimekamilika: cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, kila kitu. Alfajiri tunafika getini tunaambiwa kuna barua imetoka jana jioni, cheti cha aina ile hakipokelewi tena, inatakiwa fomu mpya. Fomu mpya iko wapi? Bado haijafika. Sitaji ofisi wala upande wa mpaka, maana jambo hili nimeliona pande zote mbili. Tulikaa siku tatu. Kitunguu kikifungiwa kinatoa jasho. Siku ya pili wavu wa chini unalowana, siku ya tatu unaanza kunuka, na vile vya juu vinachipua majani mabichi kana kwamba viko shambani. Yule mama alikuwa anavichambua kimoja kimoja chini ya lori, amekalia ndoo, vizuri kulia, vibovu kushoto, na rundo la kushoto linakua. Dereva anadai posho ya kulala. Mnunuzi wa kule ameshanunua kwingine. Fomu ilipofika alibaki na nyavu 70. Hajawahi kuvuka tena kwa kupitia getini. Anavuka, mnajua anavyovuka. Vijana wa bodaboda wanajua zaidi, na wanajua hatari ya zile njia usiku.

Tumejengewa vituo vizuri, siwezi kuvisema vibaya. Holili na Taveta tuna kituo cha pamoja tangu 2016: unayekwenda Kenya husimami huku, unasimama Taveta na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Namanga kilizinduliwa Desemba 2018. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha uasili, kinajazwa pale pale mpakani, na nasikitika kwamba nusu ya mliomo humu hamjawahi kukiomba. Kiombeni. Lakini jengo haliwezi kukulinda na barua ya jana jioni.

Kwa hiyo tumeandika na viongozi wenu maombi ya jambo moja tu. Tulikuwa na kumi, nikawaomba tubakize moja, kwa sababu barua yenye maombi kumi inajibiwa lile jepesi. Tunaomba Jumuiya iweke kanuni kwamba sharti lolote jipya la mpakani litangazwe siku kadhaa kabla ya kuanza, na mzigo uliokwisha kupakiwa ukiwa na karatasi halali za siku ulipopakiwa upite kwa karatasi hizo. Penye ugonjwa wa kweli, mzigo upimwe. Ukikutwa salama upite, ukikutwa na sumu uharibiwe na mwenye mzigo apewe majibu ya maabara kwa maandishi. Basi. Nchi zikiamua kesho kuachana, kama zilivyoachana 1977, kanuni hiyo ndiyo itakayomkuta mtu aliyeko njiani. Nchi zikibaki pamoja mpaka wajukuu wetu, ndiyo itakayomsaidia mwenye vitunguu kila wiki.

Ombi letu likikataliwa kuna njia nyingine, nayo iko umbali wa kilomita 80 kutoka hapa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko Arusha, na Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu binafsi au kampuni, kupeleka shauri dhidi ya sheria, agizo au uamuzi wa serikali unaokiuka Mkataba. Si lazima uwe waziri. Mama wa Himo anaweza. Lakini shauri linatakiwa lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu uamuzi ule ulipotolewa, au tangu ulipoujua. Miezi miwili inapita kama upepo ukiwa unahangaika kulipa mkopo wa mzigo ulioharibika. Watu wengi huja ofisini kwangu miezi mitano imeshapita, karatasi hawana, tarehe hawakumbuki, jina la aliyewarudisha hawakuandika. Nawahurumia, lakini sina cha kuwasaidia.

Katibu amekaa pale mlangoni na daftari. Kila aliyezuiliwa mzigo aandikishe: tarehe na saa, geti gani, mzigo gani na uzito, karatasi gani alikuwa nayo, aliambiwa nini, kwa maandishi au kwa mdomo. Leteni na nakala za vyeti, hata kama zimelowa, hata kama zimechanika, tutazianika. Barua inakwenda Arusha Alhamisi. Waliozuiliwa ndani ya miezi hii miwili waanze wao, wengine wasubiri nyuma yao. Mama mwenye kitenge cha kijani, wewe nilikuona getini wiki iliyopita na mzigo wa maharage. Njoo mbele, uwe wa kwanza.